Kufunga Dirisha Si Kosa la Jinai

Nianze na kauli yenyewe, wanaotaka kunirushia mawe waanze kuyaokota. Programu yoyote ya ofisi inayovurugika kwa sababu mtu amebonyeza ile alama ya X kwenye kona ya dirisha la kompyuta ni programu mbovu. Haijalishi imegharimu mabilioni mangapi. Haijalishi ilizinduliwa na kiongozi gani akakata utepe na kupigiwa makofi. Ni mbovu, na wa kulaumiwa ni aliyeitengeneza pamoja na aliyeilipia bila kuijaribu. Karani aliyekaa mbele yake hana kosa. Na yule mama aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi akisubiri jina lake liitwe ndiyo kabisa, hana kosa.

Utaniuliza, wewe mwandishi wa habari mambo ya madirisha ya kompyuta yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu kazi yangu inanipeleka kwenye foleni. Watu wanalalamika, sisi tunakwenda, tunauliza, tunajibiwa kwamba "kulikuwa na hitilafu ya mtandao", tunaandika hivyo hivyo, gazeti linatoka, kesho foleni iko pale pale. Hilo neno "mtandao" limekuwa kama shetani wa zamani: kila balaa ni lake na hakuna anayemwona. Mimi nimechoka kuliandika. Mara nyingi mtandao upo, mzima kabisa. Kilichokufa ni akili iliyowekwa ndani ya programu.

Twende taratibu ili tusiachane njiani. Programu nyingi za ofisi siku hizi hazikai ndani ya kompyuta ya karani. Zinakaa kwenye seva huko mbali, na karani anaziona kupitia kivinjari, kile kile unachotumia kusoma habari hizi. Karani anafungua ukurasa wa mteja. Akitaka kutafuta namba ya akaunti anabofya kitufe, kinachomoza kidirisha kidogo mbele ya dirisha kubwa. Wataalamu wa lugha wanakiita dirisha ibukizi. Anachagua jina, kidirisha kinajifunga, jina linajitokeza kwenye dirisha mama. Kuna kidirisha cha kuthibitisha malipo, kuna cha kuchapa risiti, kuna cha kuambatanisha picha. Si jambo baya.

Ubaya unaanzia hapa. Mtengenezaji amejiwekea imani kwamba kile kidirisha kitafungwa kwa njia moja tu, yaani kwa kitufe chake chenye maandishi "Maliza". Kidirisha kinapofunguka, programu inatia kufuli kwenye rekodi ya mteja: faili hili lipo mikononi mwa karani wa kaunta namba 4, mwingine asiliguse. Ukibonyeza "Maliza", kufuli linatoka. Ukibonyeza X, kufuli halitoki. Karani wa kaunta namba 4 amebonyeza X kwa sababu ndiyo alama ambayo kila dirisha la kompyuta duniani limemfundisha kuibonyeza, halafu ameondoka kwenda kula. Karani wa kaunta namba 2 anaitafuta rekodi ya mama yetu, anaambiwa inatumika. Anajaribu tena, inatumika. Anainua uso na kutamka ile hukumu tuliyoizoea: "Mama, sistimu inagoma. Njoo kesho."

Kesho hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi. Kesho hiyo ni siku nyingine ambayo genge halikufunguliwa. Kuna mtu hapo dawa yake inasubiri, kuna mwanafunzi dirisha la kujisajili linafungwa Ijumaa. Usiniambie hili ni jambo dogo la mafundi.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, nimewahi kuona karatasi imebandikwa ukutani juu ya kompyuta. Imeandikwa kwa herufi kubwa: USIFUNGE KWA X. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: "Atakayefunga kwa X atajibu mwenyewe." Nikasimama nikaitazama karatasi ile kwa muda. Mabilioni ya fedha, semina, mialiko, makoti na tai, na mwisho wa yote mfumo mzima umeshikiliwa na karatasi na selotepu. Fikiria ukinunua gari halafu fundi anakwambia, zuri sana hili, ila usishuke kwa mlango wa kushoto, injini itakufa. Ungelilipia?

Watetezi wa mifumo hii wana jibu lao. Wanasema kuna njia ya kitaalamu ya kumnasa mtu anapofunga dirisha, ni suala tu la kuandika msimbo vizuri. Hapo ndipo tunapogombana, maana njia hiyo haijawahi kuaminika hata siku moja, na waliotengeneza vivinjari wamekuwa wakilisema hilo kwa vitendo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Rudi kwenye mzizi. Tovuti zilibuniwa na Tim Berners-Lee kule CERN kuanzia mwaka 1989, na lugha wanayozungumza kivinjari na seva inaitwa HTTP. Maelezo rasmi ya HTTP/1.0, yaliyotolewa Mei 1996, yanaieleza kuwa ni itifaki isiyotunza hali. Kwa Kiswahili cha mtaani: ni kama kuandikiana barua. Kivinjari kinaandika, seva inajibu, kazi imekwisha. Seva haikai ikikuchungulia kama bado upo kitini. Ukiondoka, haijui. Ukifa, haijui. Huo ndio msingi wa nyumba, na fundi anayejenga juu ya msingi huo anatakiwa aufahamu kabla hajainua tofali la kwanza.

Kisha yakaja madirisha. Netscape walileta JavaScript, na kwa amri ya window.open ukurasa ukaweza kufungua dirisha jingine. Mwaka 1997 Microsoft, katika Internet Explorer 4, wakaleta tukio linaloitwa beforeunload: kabla ukurasa haujaondoka, kivinjari kinaiamsha programu na kuipa nafasi ya kumwuliza mtumiaji kama kweli anataka kuondoka. Watengenezaji wa programu za ofisi wakashangilia. Wakaona wamepata mlinzi wa getini.

Lakini mlinzi huyu ana kasoro: anaona mtu anatoka, hajui anakwenda wapi. Aliyefunga dirisha, aliyebofya kiungo kwenda ukurasa mwingine na aliyepakia upya ukurasa ule ule, kwake wote ni watu wanaotoka. Sasa utafanyaje kujua nani amebonyeza X? Usicheke nikikwambia walichofanya. Walipima puku ya kompyuta iko wapi! Katika Internet Explorer, kama mshale wa puku ulikuwa juu ya mpaka wa ukurasa, yaani kipimo chake cha wima ni chini ya sifuri, programu ilikata shauri kwamba huyu lazima anabonyeza X. Mtu aliyefunga kwa Alt na F4? Anapita. Aliyefunga kutoka kwenye upau wa chini? Anapita. Aliyepeleka mshale juu kubofya kitufe cha kurudi nyuma? Anahesabiwa amefunga, ingawa yupo. Wengine wakaamua dirisha mama lichungulie kila nusu sekunde kama mwanawe bado yu hai. Na mtu akifunga dirisha mama kwanza, nani atachungulia? Msimbo wa namna hii ulinakiliwa kutoka fundi hadi fundi, ukaingia kwenye mifumo ya fedha za watu na majina ya watu. Huu ni uaguzi. Mganga anatazama mkao wa puku na kukwambia nia ya mtu.

Wenye vivinjari nao hawakukaa kimya, maana matapeli walikuwa wameshagundua utamu wa vidirisha. Ethan Zuckerman, aliyefanya kazi Tripod miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014 kwa kuandika msimbo wa kufungua tangazo kwenye dirisha la peke yake, baada ya kampuni ya magari kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wenye mambo ya aibu. Dawa ile ikawa ugonjwa. Unafunga tangazo moja, linazaa matatu. Agosti 2004, Microsoft wakaweka kizuizi cha vidirisha ndani ya Internet Explorer kupitia Windows XP Service Pack 2. Wengine walishatangulia. Mifumo mingi ya ofisi ikayumba, na dawa waliyoandikiwa wafanyakazi ikawa ni kuzima kizuizi. Yaani mlango ulitiwa komeo kuzuia wezi, wenye nyumba wakaambiwa walitoe komeo ili friji ifanye kazi.

Mwaka 2014 Chrome ikaondoa showModalDialog, kile kidirisha kinachosimamisha kila kitu mpaka ukijibu. Kampuni zikalia. Google wakatoa mwanya wa muda kwa ajili ya maofisi hadi Mei 2015. Mwaka 2016 Chrome ikazuia programu kuandika maneno yake yenyewe kwenye lile onyo la kuondoka, kwa sababu matapeli walikuwa wakiandika vitisho kumzuia mtu asitoke. Sasa maneno ni ya kivinjari, na kama mtumiaji hajagusa chochote kwenye ukurasa, onyo halitokei kabisa. Mwaka 2020, kwa toleo la 80, Chrome ikakataza programu kuushikilia ukurasa usifungike wakati inazungumza na seva. Maofisi yakaachiwa tena mwanya wa muda. Unaona mtindo? Kila mara kivinjari kinasema dirisha ni mali ya mtumiaji na akitaka kulifunga litafungwa. Kila mara wenye mifumo ya ofisi wanapiga magoti kuomba wabaki hivyo hivyo kidogo. Hawaombi muda wa kujifunza, wanaomba muda wa kutobadilika.

Tuseme basi nimekubali. Tuseme kivinjari kimekuwa mtiifu kabisa na kinaripoti kila X. Je, umeme nao utaripoti? Usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na siku zilizofuata intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Nani alibonyeza "Maliza" siku hizo? Umeme haubishi hodi wala hauagi. Betri ya simu haiagi. Kivinjari kikikwama na kufa, nacho hakiagi. Na kwenye simu, ambako ndiko wengi wetu tuliko, mtu akihamia programu nyingine halafu mfumo wa simu ukaamua kuua ukurasa ili kuokoa nafasi, hakuna tukio lolote la kufunga litakaloitwa. Kujenga mfumo unaotegemea kuagwa, katika nchi zetu hizi, ni kujenga bandari kwa imani kwamba bahari haina mawimbi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jawabu tunalo hapa hapa nyumbani, mikononi mwetu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwenye simu za tochi. Mama anatuma fedha kijijini, betri inakata pale pale baada ya kuingiza namba ya siri. Je, kuna anayemwambia "umezima simu vibaya, fedha zako zimefungwa"? Akiwasha simu anatafuta ujumbe. Kila muamala una namba yake. Ama fedha zimekwenda ama hazijakwenda, hakuna katikati. Wateja wasiojua kompyuta hata ya kuichungulia wameshaelewa kanuni hii: ukweli upo kwenye daftari la upande wa pili, si kwenye kioo cha simu yangu. Sasa iweje muuza mchicha aelewe, halafu kampuni yenye wahandisi wenye digrii ishindwe?

Wala elimu haikukosekana. Mwaka 1981 H. T. Kung na John Robinson walichapisha njia ya kuwaruhusu watu wawili kuishughulikia rekodi moja bila kufuli: kila mmoja anafanya kazi yake, na wakati wa kuhifadhi mfumo unaangalia kama kuna mwingine ametangulia kubadilisha. Kama yupo, unamwambia mtu wa pili aangalie upya. Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox wa Stanford waliandika juu ya programu ambazo njia yake pekee ya kuzimika ni kukatika ghafla, na kuwaka kwake ni kujiponya. Ukiijenga hivyo tangu mwanzo, X na umeme kukatika ni jambo lile lile, na programu inaamka kama hakuna kilichotokea. Hizi si siri za jeshi. Zinafundishwa.

Kwa hiyo ninachodai si muujiza. Kama lazima kufuli liwepo, liwe na muda wake: kivinjari kikiwa hai kiseme "bado nipo" kila baada ya dakika moja, kikinyamaza dakika tatu kufuli lianguke lenyewe. Karani akiandika fomu ndefu, kinachoandikwa kihifadhiwe kama rasimu kidogo kidogo, si kusubiri kitufe cha mwisho. Kila ombi la malipo lipewe namba yake tangu fomu inapofunguliwa, ili hata likitumwa mara tatu seva ijue ni malipo yale yale. Na kidirisha chenyewe, kama kazi yake ni kuchagua jina tu, kiwe sehemu ya ukurasa ule ule. Ukipenda kuisaidia seva ijue mapema kwamba mtu ameondoka, ipo sendBeacon, iliyoingia kwenye Chrome na Firefox mwaka 2014, inayotuma ujumbe mfupi bila kumzuia mtu. Itumie kama fadhila. Ujumbe ukifika, vizuri. Usipofika, kusiharibike kitu.

Kuna wanaonijibu kwamba watumiaji wafundishwe tu. Nawaheshimu, lakini hapana. Mafunzo ya kumzoesha mtu kuishi na kasoro si mafunzo, ni kumhamishia deni. Leo umemfundisha karani huyu, mwezi ujao amehamishwa, anakuja mwingine na kidole chake kinakwenda kwenye X. Na kitu kinapoharibika, jina linaloandikwa kwenye ripoti ni la karani: "kosa la mtumiaji". Neno hilo lina kazi. Linamkinga mwenye mkataba.

Wengine wanataja usalama: mtu akifunga dirisha ni lazima atolewe kwenye mfumo, asije mwingine akakaa kwenye kompyuta ile ile na kufanya uhalifu. Hoja hii ina uzito, kwa yeyote aliyewahi kutumia intaneti kafe. Lakini ulinzi unaotegemea mtu akumbuke kuaga si ulinzi. Seva ndiyo ihesabu muda. PHP kwa kawaida inahesabu sekunde 1440, ASP.NET dakika 20, Tomcat dakika 30, na unaweza kupunguza. Kwenye malipo, uliza tena neno la siri. Hapo umelinda, mtu afunge asifunge.

Na wale wa onyo la "una mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa", sina ugomvi nao. Lina nafasi yake: mtu ameandika kweli, kazi yake itapotea kweli, mwulize mara moja. Ila kumwuliza kila anapotoka, hata kama amesoma tu, ni usumbufu, na akishazoea atabofya ndiyo bila kusoma. Siku itakapokuwa kweli, atabofya ndiyo vile vile.

Nimalizie kwa wenzangu wa kalamu, na kwa yeyote anayekaa kwenye kamati ya kupokea mifumo. Siku ya kukabidhiwa, kabla ya soda na picha za pamoja, naomba majaribio matatu tu. Fungueni rekodi ya mteja, fungeni dirisha kwa X, kisha nendeni kompyuta ya pili muifungue rekodi ile ile. Anzeni malipo, chomoeni waya wa mtandao katikati, rudisheni, mwone fedha zimekatwa mara ngapi. Andikeni fomu ndefu, zimeni kompyuta kwenye swichi ya ukutani, washeni, mtafute maneno yenu. Hayahitaji digrii wala bajeti. Yanachukua nusu saa. Mfumo ukianguka hata kwenye moja, msisaini. Na sisi tukiambiwa tena "hitilafu ya mtandao", tusiishie hapo. Tuulize rekodi ilitiwa kufuli na nani, saa ngapi, na kwa nini kufuli halina muda. Tuulize mkataba ulisema nini.

Mwenye hoja nyingine aje nayo, tubishane. Lakini asije na karatasi ya USIFUNGE KWA X, hiyo nimeshaisoma.